Kuona Tunaombwa, Kuuliza Hatuombwi

Kabla ya Aprili 2015, chifu mmoja wa Mandera alikuwa ameshawaambia maafisa wa usalama kwamba mwanawe hajulikani aliko, na kwamba anahofia amevuka mpaka kuingia Somalia. Kijana mwenyewe hakuwa wa kudhaniwa. Alikuwa amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi na kuhitimu. Jina lake, Abdirahim Abdullahi, lilikuja kusikika tena pale Wizara ya Mambo ya Ndani ilipolitaja miongoni mwa washambuliaji wanne walioingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri ya Aprili 2 na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa bado vitandani, wengine wakiwa kwenye maombi ya asubuhi.

Baba huyo alifanya yote ambayo serikali humwomba raia afanye. Tena alifanya lililo gumu kuliko yote: kumripoti mwana wa kumzaa. Ndiyo maana kila ninapomsikia kiongozi akisema mbele ya vipaza sauti kwamba wananchi wamelala, kwamba wanaishi na magaidi na kuwafuga, humkumbuka chifu yule. Lawama hiyo imezoeleka Kenya hata sisi wenyewe tunairudia kwenye matatu na barazani: wa kulaumiwa ni sisi, hatujali. Ina ukweli wake, lakini imeelekezwa pasipo pake. Kutojali kwetu kupo, na ni kukubwa. Ila hakuonekani sana kabla ya shambulio. Kunaonekana baada yake.

Huko kabla nako tusikuruke, maana hakukataliki. Tangu shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, kuingia jengo lolote la maana Nairobi au Mombasa kuna taratibu zake. Gari linafunguliwa buti, kioo chenye mpini kinapitishwa chini yake, na aliyekuja kwa miguu ananyoosha mikono ili apitishiwe kile kifaa cha mkononi. Kifaa kinalia, kwa sababu mfukoni mna funguo, simu na sarafu. Askari haulizi. Anasema "karibu", na mtu anapita. Wote wawili wanajua kwamba hakuna aliyekaguliwa, na hakuna anayeona vibaya. Atakayekasirika ni yule wa nyuma kwenye foleni, siku askari akiamua kufanya kazi kwelikweli.

Ni rahisi kumcheka mlinzi huyo. Lakini amesimama tangu asubuhi, mshahara haumalizi mwezi, hana bunduki, na anajua fika kwamba likitokea la kutokea ndiye wa kwanza kuanguka. Tuna deni kubwa kwa watu wa namna yake. Agosti 7, 1998, walinzi Wakenya wasio na silaha kwenye geti la nyuma la ubalozi wa Marekani, Nairobi, walikataa kuinua kizuizi ili lori lililojaa mabomu lipite kuelekea maegesho ya chini ya jengo. Mmoja wa waliokuja na lori akarusha guruneti. Mlio ule uliwavuta watu madirishani, katika ubalozi na majengo ya jirani, waone kuna nini. Sekunde chache baadaye lori likalipuka, na vioo vikawapofusha wengi. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, Wamarekani wakiwa 12 tu kati yao, na siku hiyohiyo wengine 11 walikufa katika shambulio kama hilo Dar es Salaam. Kama kizuizi kile kingeinuliwa, sijui leo tungekuwa tunahesabu wangapi. Uangalifu wa raia, basi, haujawahi kukosekana kabisa. Umekosa malipo tu.

Jirani naye? Hapa ndipo lawama inapokuwa kali. Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyekuwa nyuma ya shambulio la 1998 Nairobi, alikaa Siyu katika kisiwa cha Pate mwaka 2002, akifundisha madrasa kwa jina jingine, akaoa hapohapo. Novemba 28 mwaka huohuo hoteli ya Paradise, Kikambala, ikalipuliwa. Watu wa Siyu walilaumiwa sana, kana kwamba walikuwa wamesoma mabango ya kutafutwa kwake wakayakunja. Lakini mgeni mpole mwenye dini, anayejua kufundisha watoto, Pwani hahojiwi. Anakaribishwa, anatafutiwa chumba. Polisi wenyewe, wenye picha yake na dau la mamilioni ya dola juu ya kichwa chake, walimkosa Malindi mwaka 2008. Aliuawa Mogadishu Juni 2011, kwenye kizuizi cha barabarani.

Miaka kumi na sita baada ya Siyu, huko Muchatha, kaunti ya Kiambu, Ali Salim Gichunge alipanga nyumba nzuri kwenye mtaa wenye geti, akatoka hapo Januari 15, 2019 kwenda kushambulia hoteli ya DusitD2, Nairobi, ambako watu 21 waliuawa. Wanahabari walipofika Muchatha, majirani walisema yale yale yanayosemwa duniani kote katika hali hiyo: walikuwa watu wa kukaa kimya, tulisalimiana tu. Wakati huo mpango wa Nyumba Kumi ulikuwa na zaidi ya miaka mitano Kenya.

Mpango huo unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndio jibu rasmi la serikali kwa swali hili lote. Uliletwa mwaka 2013, na asili yake ni Tanzania, ambako chama cha TANU kiliweka mabalozi wa nyumba kumi miaka ya 1960. Kilichovuka mpaka wa Namanga kilikuwa jina na hesabu ya milango. Balozi wa Tanzania alijulikana kwa sababu watu walikuwa na shida naye kila siku: barua ya utambulisho, ugomvi wa mume na mke, mpaka wa shamba, mgeni aliyelala. Alikuwa mtu wa chama, na hilo lina matatizo yake, lakini alihitajika. Habari za usalama zilimfikia kwa sababu kila kitu kilimfikia. Huku kwetu mzee wa Nyumba Kumi aliletwa akiwa na kazi moja, kupeleka taarifa juu. Hana mshahara, hana la kumpa jirani, na katika ghorofa za Pipeline au Umoja, Nairobi, nyumba kumi ni ukumbi mmoja tu wa ghorofa moja, ambao nusu ya wapangaji wake watakuwa wamehama kabla ya Desemba. Mtu asiye na la kukufaa isipokuwa kukuchongea, utamwambia nini?

Tena cheo hicho ni cha hatari. Kule Tanzania, kusini mwa Dar es Salaam, mwaka 2017, wauaji wa Kibiti na Rufiji hawakuchagua watu ovyo. Waliwafuata wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, na polisi. Aprili mwaka huo askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Walijua kwamba ukimwondoa yule ambaye mwanakijiji humwambia, mwanakijiji hana tena wa kumwambia. Kaskazini mwa Kenya hesabu ni hiyohiyo: Februari 2025 machifu watano walitekwa Mandera, wakakaa mikononi mwa watekaji hadi Aprili. Chifu mwingine akiyaona hayo, atatembea kijijini akiuliza nani kaonekana na nani?

Hofu ya magaidi ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine viongozi hawapendi kuitaja. Chukua Mombasa ya kati ya 2012 na 2014. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, aliyetuhumiwa kuwasajili vijana, alipigwa risasi akiwa kwenye gari na familia yake. Aprili 2014 akafuata mwenzake, Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi. Juni mwaka huohuo akauawa Likoni Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa baraza la maimamu, aliyekuwa akipinga wazi mafunzo ya akina Rogo. Kwa hiyo aliyehubiri vita aliuawa, na aliyepinga vita aliuawa, na muuaji hakujulikana upande huu wala upande ule. Mwaka 2016 shirika la HAKI Africa lilitoa ripoti yenye visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kutoweka katika miaka iliyotangulia, wengi wao wakihusishwa na vyombo vya usalama. Mwaka mmoja kabla ya hapo serikali ilikuwa imeliorodhesha shirika hilo, pamoja na shirika jingine la haki za binadamu, MUHURI, miongoni mwa wanaoshukiwa kusaidia ugaidi na kufunga akaunti zao za benki, hadi mahakama ilipozifungua.

Sasa jiweke mahali pa mama wa Majengo au Kisauni ambaye kijana wake ameanza kuchelewa kurudi, amebadilisha marafiki, ana simu mbili. Akienda kituoni, huenda asisikilizwe, kama chifu wa Mandera. Huenda akasikilizwa, na wiki ya pili kijana akachukuliwa na gari lisilo na namba, na mama akabaki akizunguka vituo na vyumba vya maiti akijua mdomo wake ndio uliofanya hayo. Baada ya Garissa serikali ilitangaza msamaha kwa vijana watakaorudi kutoka Somalia. Baadhi ya waliorudi waliuawa, na habari hizo zilifika kila mtaa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inamtaka raia atoe taarifa anazozijua. Haikuandika popote kwamba mtoaji wa taarifa atajulishwa kilichofanyika nazo. Mama huyo akinyamaza, simwoni kama asiyejali. Anajali mno, na amepiga hesabu.

Kwa Wasomali wa Kenya hesabu hiyo ina umri mrefu zaidi. Februari 1984 jeshi lilikusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na mamia wakafa pale. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu walizolewa Eastleigh na kwingineko na kupelekwa uwanja wa Kasarani, wenye vitambulisho na wasio navyo, na aliyekuwa na kitu cha kutoa alirudi nyumbani mapema. Mtu aliyetoa hongo Aprili ili athibitishe uraia wake anaombwa Mei awe macho na masikio ya dola. Nashangaa kwamba wengine bado wanakubali.

Na wanakubali. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa kwa risasi. Abiria walijua maana yake, kwani mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilisimamishwa hivyohivyo, wasio Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Safari hii wanawake wa Kiislamu waliwapa abiria Wakristo mitandio yao wajifunike, na washambuliaji walipoamuru Waislamu wakae upande huu na wengine upande ule, abiria walikataa. Tuueni sote au mtuache, waliwaambia. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi na kufariki Januari hospitalini. Rais alimtunuku nishani, na kisa hicho kikatengenezewa filamu fupi, Watu Wote, iliyofika kwenye uteuzi wa Oscar. Abiria wale hawakuwa na semina ya uzalendo. Kilichowasaidia ni kwamba waliokuwa ndani ya basi walijua wanaowalinda ni akina nani: mwalimu wa watoto wao, fundi, mwuza duka. Washambuliaji walikuwa wageni kwao kuliko Wakristo.

Nairobi haikuwa kwenye basi lile, na hapa ndipo kutojali kwenyewe, kusiko na udhuru wa hofu, kunapoanza. Watu wa kaskazini wana mazoea ya kusema "naenda Kenya" wanapopanda gari kuja kusini, na kusini nako kunawaona hivyohivyo, kana kwamba bomu la kutegwa barabarani Mandera au Lamu ni habari za nje. Magari ya polisi yamelipuliwa huko mara nyingi hata habari hizo zimekuwa aya mbili ukurasa wa ndani. Jina la askari halitajwi. Ningependa kusema ni uchovu, lakini uchovu hauchagui kaunti.

Hata Nairobi yenyewe ikipigwa, tunachokifanya baadaye kina kasoro ya ajabu. Kumbuka Westgate. Watu 67 waliuawa. Raia wenye bastola zao, hata kabla ya vikosi kufika, waliingia ndani kuokoa watu wasiowajua. Foleni za kutoa damu zilijaa Uhuru Park, pesa zilichangwa kwa M-Pesa, na kauli ya Tuko Pamoja ikatanda kwenye simu zote. Ilikuwa wiki ya fahari, na mtu yeyote akisema Wakenya hawajali ningemwonyesha wiki ile. Kisha Rais Uhuru Kenyatta akaahidi tume ya uchunguzi. Tume haikuundwa. Ripoti ya kamati za Bunge ilikataliwa na Bunge lenyewe mwaka uliofuata. Swali la kwa nini vikosi viwili vya serikali vilipigana risasi vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya jengo, au kwa nini ilichukua siku nne, halikupata pa kujibiwa rasmi. Na sisi tuliochanga na kutoa damu hatukudai.

Nadhani umoja ule ndio uliotufunga. Ulipogeuzwa kuwa uzalendo, kuuliza kukawa kuvunja umoja. Aliyesema "mbona" aliambiwa anawavunja moyo wanajeshi, au anatumiwa na chama fulani, na kwa kuwa siasa zetu zina makabila ndani, swali lilipokelewa kulingana na jina la muulizaji. Mpeketoni, huko Lamu, Juni 2014, ndiyo iliyolipa zaidi: zaidi ya watu 60 wakiuawa katika mashambulio ya siku chache, kundi la Al-Shabaab la Somalia likidai kuhusika, Rais akisema ni siasa za humo nchini, gavana wa Lamu akikamatwa na mashtaka kuondolewa baadaye. Nusu ya nchi iliamini habari moja na nusu nyingine ikaamini ya pili, na wafiwa hawakupata hata moja iliyothibitishwa.

Inauma zaidi kwa sababu pale tulipouliza, jambo lilitendeka. Baada ya Westgate wanahabari wa KTN walionyesha picha za kamera za humo dukani, wanajeshi wakitoka na mifuko. Mkuu wa polisi aliwatishia wanahabari, si wanajeshi. Lakini mwezi haukwisha kabla jeshi halijatangaza kuwafukuza na kuwafunga wanajeshi wawili. Baada ya basi la Novemba 2014, watu walikusanyika nje ya Harambee House, ofisi ya Rais, wakisema tumechoka. Siku chache baadaye vibarua 36 waliuawa machimboni karibu na Mandera, na siku hiyohiyo Inspekta Jenerali wa polisi David Kimaiyo akaondoka, na waziri wa Mambo ya Ndani Joseph ole Lenku akabadilishwa. Serikali iliitikia pia kwa sheria mpya za usalama, zilizopitishwa Bungeni Desemba katikati ya vurugu. Raia na upinzani wakaenda mahakamani, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane. Wachache mno walishiriki katika mambo hayo matatu, na yote matatu yalizaa kitu.

Baada ya Garissa tulikuwa na mkesha mmoja Uhuru Park, tukasoma majina. Wanafunzi walikuwa wametahadharishwa siku chache kabla kwamba vyuo vinalengwa. Shambulio lilianza alfajiri. Kikosi maalumu cha polisi, Recce, kilifika alasiri, kikamaliza kazi haraka. Kesi zimekwenda taratibu mahakamani, na si haki kusema hakuna kilichofanyika: watatu walihukumiwa mwaka 2019 kwa Garissa, wawili 2020 kwa Westgate, na Juni 2025 wawili wengine walipewa miaka 30 kwa kusaidia shambulio la DusitD2. Lakini mahakama huhukumu waliobeba na waliosaidia. Haihukumu ndege iliyochelewa kukipeleka kikosi cha Recce Garissa, wala taarifa ya baba iliyolala kwenye faili. Hiyo ni kazi ya mwananchi na mbunge wake, na ndiyo kazi tuliyoiacha.

Kuna kazi moja ya namna hiyo ambayo ingeweza kuanza kesho. Januari 15, 2016 kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa. Ilikuwa hasara kubwa kupita zote ambazo jeshi letu limewahi kupata kwa siku moja, na hadi leo serikali haijatoa hesabu rasmi ya waliokufa. Majeneza yalizikwa vijijini, kila kijiji na lake, na hakuna aliyeyajumlisha hadharani. Katiba ya 2010, Ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Barua ya kuomba hesabu hiyo haihitaji wakili. Wizara ya Ulinzi bila shaka itajibu kwamba ni suala la usalama wa taifa, kwani sheria hiyohiyo inairuhusu kukataa kwa sababu hiyo. Basi na ijibu hivyo kwa maandishi, kwa sahihi ya afisa na tarehe, ili mwombaji awe na karatasi ya kupeleka kwa Tume ya Utawala wa Haki, na asiporidhika huko aende Mahakama Kuu.